Usimwambie bibi wa Luwero "panda gari"

Shemeji yangu ni Mhaya wa Bukoba, mtu mpole mwenye adabu nyingi, na siku ile adabu ndiyo iliyomponza. Tulikuwa njiani kwenda Arua kwenye matanga. Tulisimama Wobulenzi kununua maji, mvua ikaanza kudondoka. Kando ya barabara alikuwepo bibi mmoja na kikapu cha nyanya, anangoja taksi ya kuelekea Luwero. Gari letu lilikuwa na nafasi. Shemeji akafungua mlango wa nyuma, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Mama, panda gari, tukusogeze."

Bibi alirudi nyuma hatua mbili na kukikumbatia kikapu. Nyanya mbili zikamdondoka, zikabingirika hadi mtaroni, wala hakuzitazama. Alikuwa anatazama mikono ya shemeji. Nikashuka mbio, nikapiga goti na kumwamkia kwa Kiganda, nikamweleza kwamba huyu ni mkwe wetu, ametoka Tanzania, hajui. Akacheka kidogo, kicheko cha kuturidhisha sisi, akasema atangoja taksi yake. Tukamwacha pale kwenye mvua.

"Nimekosea nini?" shemeji aliuliza tulipofika mbele. Dada yangu, mkewe, alikuwa amelala kiti cha mbele tangu Kawempe. Mpaka leo anadai tulimsingizia yule bibi.

Nikamweleza. Kwetu Uganda "panda gari" ni jina la tukio. Kati ya 1981 na 1985, wakati wa serikali ya pili ya Obote, askari walikuwa wakizingira mtaa au kijiji, wanatoa watu majumbani, wanawapanga, kisha amri inatoka kwa Kiswahili, maneno mawili tu. Lori limeshawashwa. Wengine walirudi baada ya siku kadhaa wakiwa wamevimba nyuso. Wengine hawakurudi. Maneno yale yakaingia kwenye Kiganda na kukaa humo kama nomino: fulani alichukuliwa na panda gari, mtoto huyu alizaliwa wakati wa panda gari. Mganda mzee asiyeweza kuomba maji kwa Kiswahili, hayo mawili anayajua.

Shemeji alinyamaza mpaka tukaupita mji wa Luwero.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya Kampala, na kazi hii ina vichekesho vyake. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Tangu hapo kila kikao cha wazazi huwa na mzee mmoja anayesimama kuniuliza kwa nini tunawafundisha wajukuu wake lugha ya askari. Zamani nilikuwa namjibu kwa habari za soko la Afrika Mashariki na ajira. Siku hizi simbishii, maana nimewahi kukaa nikaandika maneno ya Kiswahili ambayo kila Mganda wa umri wake anayafahamu bila kufundishwa. Magendo. Mafuta mingi, yaani waliotajirika ghafla baada ya Amin kuwafukuza Wahindi mwaka 1972 na kugawa maduka yao. Saba saba, ile mizinga ya roketi ya Watanzania ambayo mlio wake ulitangulia askari wenyewe mwaka 1979. Bakomboozi, ndio wakombozi hao. Afande. Kadogo, mtoto aliyebeba bunduki kwenye jeshi la msituni. Panda gari. Historia yetu ya vita yote imo kwenye orodha hiyo, na mtu anaibeba mdomoni hata kama hajawahi kusimama mbele ya mnara wowote.

Na minara tunayo. Ndiyo iliyonifanya niandike haya, kwa sababu shemeji alikuwa ameniomba tukiwa njiani nimwoneshe ile ya Luwero.

Nilizaliwa Bombo, kilomita zisizofika arobaini kutoka Kampala, kwenye barabara hiyo hiyo ya Gulu. Nilikuwa na miaka saba vilipokwisha vita vya msituni, vile ambavyo waasi wa Museveni walipigana na serikali huku Luwero; Museveni aliingia Kampala tarehe 26 Januari 1986. Kumbukumbu yangu ya kwanza ya mnara wa vita si mnara. Ni meza. Watu waliokuwa wakirudi vijijini mwao walikuwa wanaokota mifupa kwenye mashamba ya kahawa na vichakani, wanaipanga kandokando ya barabara: mafuvu juu ya mbao, safu kwa safu, kama wauza machungwa wapangavyo machungwa. Habuba wangu, yaani bibi kwa Kinubi, alinifunika macho kwa shuka lake kila tulipopita. Shuka lilikuwa jepesi. Nilikuwa naona.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nikatambua kitu ambacho mtoto hawezi kukiona. Barabara ile ndiyo inayokwenda kaskazini. Kila Mwacholi na kila mtu wa kabila la Lango aliyekuwa anarudi kwao kutoka Kampala alipita mbele ya meza zile, ndani ya taksi iliyojaa watu wa makabila mengine, na watu walikuwa wakimtazama. Mafuvu hayana kabila, lakini hapakuwa na haja ya kuandika ubao. Jeshi la Obote lilihesabiwa kuwa ni la watu wa kaskazini, basi. Obote na chama chake cha UPC walikana mpaka mwisho, wakasema waliofanya mauaji ni wapiganaji wa Museveni wenyewe. Ubishi huo haukuwahi kufika kwenye meza. Meza ilikuwa imekwishatoa hukumu, na mtu wa Gulu aliyekuwa amekaa kiti cha dirishani aliisoma vizuri kuliko sote.

Baadaye mafuvu yalizikwa katika makaburi ya pamoja, zaidi ya thelathini katika eneo lote lile tunaloliita Pembetatu ya Luwero. Yakajengewa kwa saruji, mengine yakawekewa vigae na bamba. Tulisimama kwenye mojawapo. Nyasi zilikuwa zimeota kwenye nyufa, mbuzi amefungwa karibu. Bamba limeandikwa kwa Kiingereza. Hakuna jina hata moja, na hapo siwalaumu waliojenga, kwa kuwa mifupa iliokotwa imechanganyika na hakuna aliyejua paja hili ni la nani. Shemeji alizunguka kaburi lile mara mbili, kisha akauliza: "Sasa ndugu zao wanakuja kuomba wapi?" Nilimwambia wanakuja hapa hapa, kila mtu anaomba juu ya saruji yote.

Siku kubwa ya Luwero ni tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa. Ni sikukuu ya taifa, ofisi hufungwa, rais hutoa nishani. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya Edidian Luttamaguzi, mkulima aliyeuawa pamoja na wenzake huko Kikandwa, karibu na Semuto, tarehe 9 Juni 1981, kwa kukataa kuwaambia askari Museveni yuko wapi. Yeye ana jina, na jina lake watoto wanalifundishwa. Sina neno juu ya hilo, mtu aliyekufa akiwa amefunga mdomo anastahili siku.

Ila tulipofika Arua nilimpeleka shemeji Ombaci.

Ombaci ni misheni ya Kikatoliki, nje kidogo ya mji. Tarehe 24 Juni 1981 ilikuwa imejaa maelfu ya watu waliokimbilia humo wakidhani ukuta wa kanisa utawakinga. Askari wakaingia, wakaua karibu watu mia moja. Askari wa jeshi lile lile linalotajwa Kikandwa, mwaka ule ule, mwezi ule ule, siku kumi na tano tu baadaye. Pale nako kuna mnara, na kila mwaka kuna ibada. Lakini tarehe 24 Juni Kampala watu wako kazini. Ukimuuliza kijana wa chuo kikuu hapa mjini Ombaci ni nini, atakuambia labda ni timu ya mpira.

Kwa nini waliokufa Juni 9 ni mashujaa wa nchi nzima na waliokufa Juni 24 ni marehemu wa Arua? Jibu halina siri. Wa Luwero walikufa upande wa walioshinda. Wa Ombaci walikuwa watu wa West Nile, watu wa kwao Amin, na mwaka 1981 watu wengi nchini waliona kwamba yanayowapata ni deni wanalolipa. Mnara wa serikali hujengwa na mtu mwenye saruji, naye huanza na wafu wake. Sisemi kwa uchungu. Ndivyo ilivyo hata kwenye familia, mwenye pesa ndiye anayejengea kaburi la baba.

Nilisema sina uchungu, lakini njiani kurudi shemeji alianza kuzungumzia Kaboya, nikajikuta nimekaza mikono kwenye usukani.

Kaboya iko Muleba, Kagera. Ni makaburi ya wanajeshi wa Tanzania waliokufa katika vita na Amin. Baba mdogo wake shemeji amelala pale. Kwao hadithi ni fupi na imenyooka: Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakateka eneo lote mpaka mto Kagera, yakaua, yakaiba ng'ombe. Nyerere akasema atampiga. Vijana wakaenda, wakapita Mutukula, wakapita Masaka, wakapigana kwenye matope ya Lukaya usiku kucha na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Waliorudi walipokewa kwa vigelegele. Wasiorudi wako Kaboya. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa ya kwao, wanakumbukwa. Baba mdogo alikuwa na miaka ishirini na mbili.

"Alikufa kwa ajili yenu," shemeji alisema. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayeniambia habari njema.

Na ni kweli. Amin aliua watu kwa maelfu, na yeyote aliyekuwa Kampala Aprili ile atakueleza watu walivyocheza ngoma barabarani. Lakini sisi ni Wanubi. Babu zetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, waliotelekezwa kule kaskazini, na Lugard, ofisa wa Kiingereza, akawachukua mwaka 1891 kuja kumpigania. Baada ya hapo kazi yetu ikawa jeshi, kizazi baada ya kizazi. Tulipigana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, kwa niaba ya Waingereza, jambo ambalo Wanyoro hawajalisahau, na kwa nini wasahau? Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alikwenda Burma, alirudi na malaria na sanduku la bati. (Amin naye alikuwa akijigamba kwamba alipigana Burma. Aliingia jeshini mwaka 1946, vita vimeshakwisha, akaanzia jikoni. Babu alikuwa akilicheka hilo jambo kwa sauti ya chini, mlango umefungwa.) Amin mwenyewe alikuwa Mkakwa, lakini alijiweka kwetu na wengi wetu tulimpokea, wakaneemeka walioneemeka. Alipoanguka hakuna aliyechambua nani alineemeka na nani alikuwa anashona tu vitambaa Bombo.

Mama yangu alisikia saba saba. Halafu ikaja wiki ambayo mtu yeyote aliyesema Kinubi alikuwa mali ya wote. Nyumba zilivunjwa, watu wengine waliuawa, maelfu walikimbilia Sudan, Zaire na Kenya. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, fundi wa baiskeli, alitoka asubuhi kutafuta gari la kutuhamisha. Sijui niandike nini zaidi ya hapo. Alitoka asubuhi. Mimi bado nilikuwa mgongoni.

Bombo hakuna mnara wa wiki ile. Kuna kambi kubwa ya jeshi, misikiti, wanawake wanaosuka tabaga za rangi za kufunikia vyakula, lakini mnara hakuna. Katiba ya mwaka 1995 ilituandika kwenye orodha ya makabila ya Uganda, na wazee wetu wanaichukulia orodha hiyo kama ndiyo mnara wenyewe. Amin alizikwa Jeddah mwaka 2003, mbali na sisi, na kusema kweli nashukuru. Kaburi lake lingekuwa Bombo, tungekuwa walinzi wake milele hata tusipotaka.

Nilimweleza shemeji haya kati ya Karuma na Kafu. Hakubisha. Aliuliza swali moja, kama askari wa Tanzania ndio waliofanya. Nikamwambia ukweli, kwamba hatujui, kwamba mjini siku zile kulikuwa na kila aina ya mtu mwenye bunduki na asiye na bunduki, wakiwemo majirani. Hilo la majirani ndilo linalofanya mnara uwe mgumu. Bamba la Bombo lingeandika nini, na lingesomwa na nani kila asubuhi akienda kununua maziwa?

Nimetembelea mingine miaka ya nyuma, nikiwa na wanafunzi. Barlonyo, wilaya ya Lira, kambi ya wakimbizi wa ndani iliyoshambuliwa na LRA, waasi wa Joseph Kony, tarehe 21 Februari 2004. Kaburi la pamoja lipo, na jiwe la serikali linasema wamelala humo watu 121. Walionusurika wanasema waliuawa zaidi ya 300. Fikiria umezika watu wako kwa mikono yako, kisha unaishi miaka ishirini jirani na jiwe linalokuambia hukuhesabu vizuri. Mukura, Teso, nako kuna mnara, na huo una ujasiri wa aina yake, kwa sababu waliofanya walikuwa askari wa serikali hii hii. Julai 1989 waliwakusanya watu kwa kuwashuku uasi, wakawafungia kwenye behewa la treni. Sitini na tisa wakafa kwa kukosa hewa. Nilipowasimulia wanafunzi, msichana mmoja wa Soroti alinong'ona: "Panda gari." Hakuwa amezaliwa, wala hakufundishwa na mtu.

Shemeji yeye alinikumbusha ule wa Dar es Salaam, Askari, katikati ya mtaa wa Samora, uliowekwa mwaka 1927. Mombasa na Nairobi nako Waingereza waliweka ya aina hiyo. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili pia, yanawashukuru askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Ahadi nzuri, na chini yake hakuna jina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda wakafika 350,000. Wapagazi ndio walioachwa zaidi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na watu wakakitamka Kariakoo. Leo mtu anakwenda Kariakoo kununua kitenge na sufuria, anatukanana na dalali, anaibiwa simu, hajui kwamba amesimama juu ya jina la wapagazi. Nani amewatunza zaidi, sanamu au soko? Shemeji alisema sanamu. Mimi nasema soko, na tulibishana hadi Nakasongola, dada akaamka akatuambia tuwashe redio.

Ninachokitaka mimi ni kidogo. Sitaki jiwe lenye idadi. Idadi huzua ugomvi, na anayeishika kalamu hushinda. Nataka majina, hata yakiwa kumi tu ya uhakika, na nafasi tupu chini yake ya kuongezea. Lukodi, karibu na Gulu, wameandika majina ya watu wao waliouawa Mei 2004, na kesi ilipofika mahakama ya The Hague na Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, kutiwa hatiani Februari 2021, watu wale hawakuanza kutafutana. Walikuwa wameshaandikana.

Tulifika Bombo jioni. Mama alikuwa ametandika mkeka uani, chai ya tangawizi iko tayari. Alimuuliza shemeji habari za Arua, nani alikuja matangani na nani hakuja, kama pilau ilitosha. Shemeji akajibu yote. Kisha, sijui nini kilimsukuma, akamwambia kwamba baba yake mdogo alikuja Uganda mwaka 1979 na jeshi, akafia Lukaya, akazikwa Kaboya.

Nilitamani ardhi initafune. Mama alikuwa anamimina chai. Hakuacha kumimina.

"Kaburi lake lina jina?" aliuliza.

"Lina jina, mama. Huwa tunakwenda kulipaka rangi kila mwaka."

"Heri yake," mama alisema, akamsogezea kikombe. "Sukari hiyo hapo, mwanangu."